UZI: Meli ndogo za kifahari pwani yetu: abiria wana umri gani, na mhadhiri ajipange vipi?

BintiShangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Zipo meli ndogo za kitalii, zile za abiria 100 hadi 250, zinazotoka Shelisheli kupitia visiwa vya Aldabra, Komoro, Zanzibar na Kilwa, nyingine zikaendelea Madagaska. Ndani yake kuna wahadhiri wa historia, wa viumbe bahari, wa ndege. Humu wapo walimu wa vyuo, waongoza watalii na watu wa makumbusho wanaoulizia nafasi hizo, na majibu wanayopewa ni nusunusu. Naomba wanaozijua kazi hizi waweke mambo wazi:

1. Abiria ni wazee watupu, au ni dhana tu?
2. Mhadhara uwe wa dakika ngapi, na mingapi kwa safari moja?
3. Mada iwe na kina kiasi gani?
4. Mkataba una nini ndani, na pasipoti zetu zinahitaji nini?

Karibuni.

---

NangaMbili

Naanza na umri, maana hapo ndipo watu wanapokosea kwa kutazama jina la kampuni. Tazama kwanza idadi ya siku. Safari ya usiku 7 inamfaa mtu aliye kazini, kwa hiyo utakuta wa miaka 45, 50, 55. Ikifika usiku 10 hadi 14, wengi wamestaafu au wanakaribia: miaka 60 na kitu hadi 70 na kitu. Ikipita wiki 3, tegemea wengi wawe juu ya 70. Ni hesabu ya nani ana muda. Uingereza pensheni ya serikali inaanza miaka 66 na inapandishwa kwenda 67. Marekani aliyezaliwa 1960 au baadaye anapata mafao yake kamili akiwa na 67. Mtu wa 52 mwenye fedha yupo, ila likizo ya siku 24 mfululizo hana.

Pili, tazama tarehe. Krismasi, Pasaka na Julai-Agosti huleta wajukuu. Tatu, masharti ya kampuni yenyewe. Viking hawachukui aliye chini ya miaka 18. Saga ya Uingereza imejengwa kwa ajili ya waliotimiza 50 na kuendelea. Meli za aina hiyo huhitaji kubahatisha.

Nne, siku za baharini bila kushuka. Zikiwa nyingi, vijana wanapungua. Linganisha na visiwa vya Galápagos kule Ekuado: meli hazizidi abiria 100, safari ni fupi, kila siku kuna kushuka, kila kiongozi ana watu 16 tu. Huko utakuta babu, watoto na wajukuu kwenye meza moja. Njia ya Shelisheli kuja kwetu ina siku nzima za maji matupu, na ndizo siku zinazomhitaji mhadhiri.

Jambo la tano ambalo wengi hawalioni: meli nyingi za msafara, yaani hizi ndogo zenye wahadhiri, hufanya kazi Antaktika kuanzia Novemba hadi Machi, kisha huhamia Aktiki kwa kiangazi cha kaskazini. Pwani yetu huangukia katikati ya kuhama huko. Wakati huo shule za Ulaya na Marekani zimefunguliwa, kwa hiyo watoto ni wachache. Mhadhiri wa njia yetu ajiandae kwa ukumbi wa watu wa miaka 60 hadi 80, na wachache wa 40 na 50.

---

KusiNaKaskazi

Nyongeza fupi kwa NangaMbili: usimsahau anayesafiri peke yake. Wajane na wagane ni wengi kwenye meli hizi, nao ndio wanaokaa mstari wa mbele na ndio wanaouliza maswali. Ukila nao mezani, wape nafasi ya kusimulia wao pia.

---

ChaguoLaMsafiri

Mimi naona kama ni wazee, basi mambo yawe mepesi. Picha nzuri, visa viwili vitatu, dakika 30, watu wakapumzike. Nani ana nguvu ya kusikiliza tarehe za masultani wa Kilwa akiwa na miaka 75?

---

Mwalimu_Tanga

ChaguoLaMsafiri, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na ni kosa linaloharibu mihadhara mingi.

Umri unabadilisha vitu vinne: sauti, mwanga, muda na ngazi. Kina hakibadiliki. Waliokaa mbele yako ni majaji wastaafu, madaktari wa upasuaji, wahandisi, walimu wa vyuo. Wamesoma kabla ya kupanda meli. Ukiwapa visa vitupu, mhadhara wa pili utakuta viti vitupu.

Na hii ni desturi ya siku nyingi. Kampuni ya meli ya Swan Hellenic walianza miaka ya 1950 kuwapeleka watu kwenye magofu ya Ugiriki wakiwa na wataalamu wa vyuo vikuu, mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler akiwa mmoja wao. Wheeler huyo huyo alipita pwani ya Tanganyika mwaka 1955, akaona vigae vya vyombo vya Kichina vimetapakaa kila gofu, akasema kwamba historia ya Tanganyika iliyozikwa ardhini imeandikwa kwa vyombo vya Kichina. Hilo moja tu, pamoja na picha ya kigae chenyewe na mahali kilipookotwa, ni mhadhara mzima wa biashara ya Bahari ya Hindi.

Sasa nije kwenye hivyo vinne.

Sauti. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowatatiza. Kwenye ukumbi wa watu 80 hao ni 20 na zaidi. Tumia maikrofoni ya kubana kwenye shavu au kola, si ya kushika, maana ya kushika hushuka hadi kifuani kila unapogeuka kuonyesha picha. Usiseme "mimi sauti yangu kubwa, sihitaji maikrofoni": mashine ya kusikia ya msikilizaji inaweza kuwa imeunganishwa na mfumo wa ukumbi, na ukiacha maikrofoni umemkatia. Kila swali lirudie kwenye maikrofoni kabla ya kulijibu. Majina ya kwetu yaandike kwenye slaidi unapoyataja: al-Hasan bin Sulaiman (sultani wa Kilwa), Husuni Kubwa (jumba lake la Kilwa Kisiwani), Songo Mnara (kisiwa cha magofu jirani na Kilwa). Sikio lisilolizoea jina halilidaki mara moja.

Mwanga. Lenzi ya jicho hupata unjano kadiri miaka inavyokwenda, na rangi ya buluu na kijani huanza kufanana. Ramani ya bahari ya buluu yenye mistari ya kijani ya misafara ni kazi bure. Weka mistari mieusi au myekundu iliyokolea juu ya bahari ya kijivu hafifu. Herufi zisipungue pointi 28, na slaidi isizidi mistari 5. Taa za ukumbi zipunguze, usizizime zote, kwa sababu kuna watakaoinuka kwenda msalani na sakafu inayumba.

Muda. Dakika 40 hadi 45 za kuzungumza, 10 hadi 15 za maswali. Slaidi 40 hadi 60 zinatosha ukiwa na picha nyingi na maneno machache. Ukizungumza kupita dakika 50 watu wataanza kutoka, si kwa kuchoshwa bali kwa sababu mhadhara unaofuata au chakula kimepangwa. Saa nzuri ni saa 4 asubuhi. Saa 5 na nusu inafaa. Saa 8 mchana, baada ya chakula, ndiyo saa ya kusinzia. Kama umepangiwa hiyo, anza na kitu cha kushika mkononi: gamba, kigae, kipande cha mkoko, sarafu ya kuigiza. Kipitishe watu wakiguse.

Ngazi. Waliochelewa kwa sababu ya ngazi au lifti wasiadhibiwe kwa kukosa kiini cha mada. Dakika 3 za kwanza ziwe za picha na utangulizi mpana.

---

FundiSitaha

Mwalimu kasema vizuri, naongeza mambo ya vifaa, kwa kuwa mihadhara mingi inafia hapo.

Faili liwe kwenye flashi mbili, slaidi za kawaida pamoja na nakala ya PDF kwenye zote mbili. Kompyuta ya ukumbi haina fonti ulizozipenda, kwa hiyo maneno yanaruka mistari na ramani inafunikwa. PDF haina shida hiyo. Slaidi ziwe za upana wa 16:9. Video ziweke ndani ya faili lenyewe, usitegemee intaneti ya setilaiti: meli ikigeuka, antena yake ikizibwa na mlingoti, inakatika.

Nenda ukumbini dakika 30 kabla, si 5. Jaribu rimoti ukiwa umesimama mahali utakaposimama kweli. Beba betri zako. Muulize fundi wa sauti kama mhadhara unarekodiwa na kurushwa kwenye televisheni za vyumbani. Mara nyingi unarushwa, na wagonjwa wa bahari na wenye magoti mabaya hutazama huko. Ukijua hivyo hutaonyesha kwa kidole au kutembea kwenda kugusa skrini, kwa sababu anayetazama chumbani haoni kidole chako, anaona slaidi tu. Weka mshale au duara ndani ya picha.

Bahari ikichafuka: ondoa video zinazotikisika na zile za kamera iliyokuwa ikizunguka. Macho yanaona mwendo mmoja, sikio la ndani linahisi mwingine, na hapo ndipo kichefuchefu kinapoanza. Kaa kwenye kiti, shika meza, endelea.

---

BintiShangani

Asanteni sana, Mwalimu na Fundi. Muhtasari wa jioni nao unakwendaje? Na mada gani hasa inavuta?

---

NangaMbili

Muhtasari wa jioni huwa karibu na saa 12 na nusu, kabla ya chakula. Kila mtaalamu anapewa dakika 5 hadi 7, kisha kiongozi wa msafara anaeleza kesho: saa za kushuka, viatu, joto, bahari. Hapo usilete mhadhara mdogo. Chukua kitu kimoja walichokiona leo. Kama walipita penye mtepe wa maonyesho (chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba) au jahazi, eleza fundo moja la kamba, basi.

Mada inayovuta huanza na swali. "Historia ya Waswahili" watakuja 30. "Sarafu za Kilwa zilifikaje Australia?" ukumbi utajaa, na swali ni la kweli: mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga la Australia aliokota sarafu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, na 5 kati yake ni za shaba za Kilwa. Mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana pia Great Zimbabwe, na hiyo inakupa njia ya kueleza dhahabu ya bara, bandari ya Sofala ya Msumbiji, na kwa nini msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wenye mali.

Nyingine ni yule samaki anayeitwa gombessa Komoro. Wataalamu walidhani jamii yake ilikwisha tangu enzi za dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Tanga nako wanapatikana, na kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa kwa ajili yao. Mtu wa pwani anayeweza kueleza nyavu, kina cha maji na mwamba anaovuliwa ana mhadhara ambao mgeni hawezi kuutoa.

---

MvuviWaMasoko

Naomba nizungumzie Kilwa Kisiwani, maana umri wa abiria unaonekana pale kwenye boti ya mpira kuliko ukumbini.

Kwanza maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu ni mita 3 hadi 4. Panga kushuka maji yakiwa nusu na yanajaa. Ukishuka yanapokupwa, boti ya mwisho itakwama mbali, na mzee wa miaka 78 atatembea kwenye tope na matumbawe. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, ni rahisi zaidi. Songo Mnara ni ngumu kuliko Kisiwani kwa sababu ya mikoko na tope, kwa hiyo tangaza jioni ya kuamkia, kwa maneno ya wazi: maji hadi magotini, viatu vya kulowana, umbali kadhaa. Usiseme "matembezi mepesi". Kila mtu ana wepesi wake.

Kushuka kwenye boti: boti huchukua kama abiria 10. Mkoba na mkongojo vitangulie, mikono yote miwili iwe mitupu. Mshiko ni kigasha kwa kigasha, si kiganja kwa kiganja, kwa sababu kiganja chenye mafuta ya jua kinateleza. Mguu mmoja juu ya ubavu wa boti, wa pili chini, kaa, kisha jisogeze ukiwa umekaa. Wimbi linapoinua boti ndipo mtu anaposubiri. Linapotulia juu ndipo anapokanyaga. Anayeamuru "sasa" awe mmoja tu. Wakisema wawili, mzee anasita katikati, na hapo ndipo nyonga zinapovunjika.

Nchi kavu, gawa makundi tangu mwanzo. La kwanza ni Gereza (ile ngome ya zamani) na Msikiti Mkuu, polepole, na viti vidogo vya kukunja. La pili linaongeza Husuni Kubwa, iliyo kando upande wa mashariki juu ya mwamba. Kila kundi watu 15 hadi 20. Shuka mapema, saa 1 asubuhi kama maji yanaruhusu, kwa sababu saa 4 jua limeshakuwa kali na baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu apungukiwe maji upesi. Ndani ya Msikiti Mkuu simama wewe juani, wao wakae kivulini chini ya kuba. Mhadhiri anayegeuza wasikilizaji walitazame jua amewapoteza.

---

ZamanaMkunazini

Mji Mkongwe una shida tofauti. Redio ndogo za masikioni zinasaidia, lakini kuta za mawe ni nene, na kiongozi akikata kona mbili sauti imekwisha. Hesabu watu kila kona. Baraza za nje ya nyumba ni viti vya bure: panga vituo vyako kwenye baraza zenye kivuli, kila dakika 10 hadi 12.

Kuhusu historia ya utumwa, naomba sana tuwe wakweli. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza, na kanisa likajengwa mahali pale. Vile vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kama mahabusu ya watumwa viko chini ya jengo la misheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaokanusha kwamba vilitumika hivyo. Katika kundi la watu 20 kuna mmoja aliyeyasoma hayo. Sema kama yalivyo. Ukweli wenyewe ni mzito wa kutosha: mashamba ya karafuu, biashara ya kwenda visiwa vya Wafaransa, na utumwa wenyewe Zanzibar ulioendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Abiria wa umri huu hawaogopi mada nzito. Wanachokasirikia ni kudanganywa.

---

ChaguoLaMsafiri

Nimekubali, Mwalimu. Nilichanganya uchovu wa miguu na uchovu wa akili. Sasa lile la mkataba?

---

KusiNaKaskazi

Kuna nafasi za aina mbili, usizichanganye.

Mhadhiri mgeni: anapewa chumba na chakula, mara nyingi pamoja na mwenzi mmoja, na anatoa mihadhara 4 hadi 6 kwa safari ya siku 10 hadi 14. Mara nyingi hakuna mshahara. Baadhi ya mawakala hata humtoza yeye ada kwa kila siku. Mwanatimu wa msafara: analipwa kwa siku, lakini anashuka na kila boti, anaongoza makundi, anakula na abiria, na kazi huanza alfajiri hadi usiku. Anahitaji cheti cha afya cha baharia na mafunzo ya msingi ya usalama baharini.

Kabla ya kutia sahihi uliza kwa maandishi: nani analipa ndege, viza, bima ya kurudishwa nyumbani ukiugua, intaneti, kufuliwa nguo, chumba ni cha abiria au cha wafanyakazi, na je, unaweza kuhamishwa katikati ya safari, slaidi na rekodi vinabaki mali ya nani. Hilo la mwisho lina uzito. Mhadhara uliorekodiwa unaweza kurushwa safari zijazo bila wewe kuwapo.

Viza: meli ikigusa Mayotte au Réunion, fahamu kwamba ni Ufaransa lakini ziko nje ya Schengen (eneo la viza ya pamoja la Ulaya), na kwa kawaida viza ya Schengen peke yake haitoshi. Omba iliyoandikwa maeneo hayo. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi, si kwenye begi lililotangulia chumbani. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 baada ya siku ya kushuka na kurasa tupu za kutosha, maana nchi nne ni mihuri minane.

Na upande wa afya ya abiria, mhadhiri ajue hili: Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee wa Marekani, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi yao, ndiyo maana kampuni nyingi husisitiza bima ya kuhamishwa kwa dharura. Aldabra haina hospitali, na meli inaweza kulazimika kugeuza kuelekea Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli. Ratiba ikibadilika hivyo, kesho yake ni siku ya maji matupu na kiongozi wa msafara atakugongea mlango akitaka mhadhara wa ziada. Uwe na mmoja wa akiba, usio na uhusiano na bandari yoyote: pepo za kaskazi na kusi, jahazi linavyojengwa, nyota za mabaharia. Huo ndio utakaoutumia.